Mwaka Tuliopelekwa Kwenye Bembea

Mdogo wangu Idi ndiye aliyelianzisha, na alilianzisha vibaya, siku moja kabla ya arobaini ya mama yetu, nyumba ya Katesh ikiwa imejaa watu na sufuria za kuazima. Tulikuwa sebuleni tunakunywa chai ya maziwa, akasema kwamba likizo ya mwezi wa kumi na mbili angependa tuwakusanye watoto wote wa ukoo tuwapeleke Dar kwenye viwanja vya bembea, kama sisi tulivyopelekwa na marehemu wazazi wetu. "Siku ile sitaisahau mpaka naingia kaburini," alisema, na machozi yakamlengalenga, mtu mzima mwenye kitambi. Basi ukawa mjadala. Mke wake akasema foleni za kule ni za kusimama juani saa nzima ili mtoto azungushwe dakika tatu, halafu atapike. Shemeji mmoja akasema chakula cha nyumbani hawaruhusu kuingia nacho, mtauziwa chipsi mpaka mlie. Mwingine akasema jamani, watoto wa huku wanaona mlima na ng'ombe tu, waacheni na wao wakaone kitu. Dada yangu Rukia alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele wa kesho yake. Hakuinua uso. "Wapelekeni," alisema. "Watoto wanafurahi kule." Hapo Idi akanigeukia mimi. "Mwalimu, unaonaje?" Nafundisha sekondari Dongobesh, kwa hiyo katika ukoo wetu nahesabiwa kuwa mtu mwenye maoni. Nikasema sijui. Nikatoka nikaenda uani kujifanya naangalia kuni, na huko uani nikasikia hasira imenipanda, hasira ya zaidi ya miaka ishirini, na sikuwa na wa kumtolea.

Maoni ninayo. Ni marefu, na hayafai kusemwa mbele ya watu waliokuja kumwombea dua mama yangu, kwa hiyo nayaandika hapa. Sitaeleza ukoo wetu ulitokea wapi wala babu alifikaje Katesh na biashara yake, anayetaka hayo aende Kondoa akaulize. Nitaanza na chumba. Mimi na Rukia tulilala chumba cha nyuma ya duka, ambacho nusu yake ilikuwa stoo. Magunia ya mbaazi na dengu yalipangwa ukutani mpaka karibu na dari, na mwezi wa sita upepo wa mlimani ulipoanza kupita chini ya mlango tulikuwa tunasogeza kitanda kwenye magunia ili tupate joto. Chini ya kitanda kulikuwa na tranka jipya la bati, la Rukia. Alikuwa amechaguliwa kwenda kidato cha tano, masomo ya sayansi, msichana peke yake katika mtaa wetu mwaka ule. Fomu ya kujiunga aliitunza kwenye mfuko wa nailoni, na kila jioni aliitoa akaisoma kwa sauti kama mtu anayesoma risala: ndoo moja yenye mfuniko, mashuka mawili ya bluu, fyekeo, godoro la futi mbili na nusu. Kila kilichonunuliwa alikiwekea alama. Alitaka kuwa mtu wa maabara. Siku moja alipopelekwa kupimwa malaria alimwona dada mmoja ameinamia hadubini, na yule dada akamruhusu achungulie, na tangu siku hiyo Rukia hakutaka kingine. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, kidato cha kwanza, na nyumbani waliniita Redio kwa sababu sikujua kunyamaza. Idi alikuwa na minane.

Tulikuwa tunakula makande siku Baba alipotangaza safari. Alifuta mdomo, akasema, "Jiandaeni. Shule zikifungwa tunakwenda Dar kupumzika." Hatukuwahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwake. Huyu ni mtu aliyefungua duka hata sikukuu ya Idi, baada ya swala, akiwa bado amevaa kanzu. Akaeleza kwamba rafiki yake Mzee Athumani, mfanyabiashara wa mazao aliyekuwa akinunua mbaazi zetu, ametualika tukae kwake juma zima, na kwamba siku moja tutapelekwa mahali penye bembea kubwa zinazozunguka kwa umeme. Idi alimwaga makande. Mama alikuwa anakoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. Kwetu mtu husafiri kwa msiba, harusi, mzigo au ugonjwa, hakuna safari ya tano. Hata Mama Paskali, jirani yetu Mwiraqw kutoka Gitting aliyekuwa anatuletea maziwa, alipoambiwa tunakwenda Dar aliweka kibuyu chini akauliza, "Poleni. Mgonjwa ni nani?" Tulicheka sana. Mama hakucheka, na mimi, pamoja na umbeya wangu wote, sikujiuliza kwa nini.

Safari yenyewe haina habari. Vumbi mpaka Singida, kulala gesti yenye kunguni, na siku ya pili basi kutwa nzima na Idi kutapika kwenye kofia ya Baba. Tulipofika kwa Mzee Athumani nikaona sebule ambayo sijapata kuisahau: makochi yaliyovishwa vitambaa vyeupe vya kudariziwa, feni ya juu, na kabati la vioo lililojaa vikombe ambavyo hakuna aliyevinywea. Mkewe, Bi Tatu, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti laini, na alitupokea vizuri, siwezi kumsingizia. Tulikula wali wa nazi, samaki, na maembe yaliyokatwa kama maua. Lakini nilimwona anavyomtazama Rukia. Alimpa kitunguu akate kachumbari, akasimama pembeni akaangalia kisu. Alimtuma maji, akaangalia mwendo. Siku ya pili akaja kijana mmoja anaitwa Jumanne, mpwa wa Mzee Athumani, mwenye duka la vipuri vya baiskeli Singida. Alimwamkia Mama shikamoo kwa adabu, akala na wanaume, akaondoka. Alikuwa kijana wa kawaida, hana baya. Rukia alimpa maji ya kunawa na wala hakumkumbuka jina.

Kesho yake alasiri nilitumwa kuchukua mtungi kwenye ujia wa jikoni, na nikamsikia Bi Tatu akiongea na Mama. Nilisimama, kwa kuwa kusikiliza ndiyo iliyokuwa kazi yangu. "Mama Rukia, msimuulize hapa nyumbani," alikuwa anasema. "Hapa ataona kama yuko kwenye kesi. Muulizeni kesho kule kule kwenye bembea, akiwa amefurahi. Msichana akifurahi hana ubishi." Mama akasema, kwa sauti ndogo, "Na shule yake?" Bi Tatu akajibu, "Shule? Si ameshamaliza ya kwanza? Hiyo ya pili atasomeshwa na mumewe akitaka. Baba yake atamuuliza mbele ya mashahidi, na akinyamaza basi, kimya cha mwali ndiyo ridhaa yake. Wewe uliulizwaje?" Nilisikia kisu kinaendelea kumenya viazi. Niliondoka na mtungi mtupu.

Niliingia chumba tulichopewa na kumweleza Rukia yote. Alikuwa ananisuka, na mikono yake haikusimama, ila alivuta nywele kwa nguvu zaidi. Jua lilikuwa linatua na adhana imeanza msikiti wa jirani. Akasema, "Wakiniuliza nitasema sitaki. Nitasema nataka kwenda shule." Akamaliza kusuka mstari mmoja mzima, halafu akasema, "Lakini Zaituni, mimi unanijua. Mbele ya Baba ulimi wangu unakufa. Nikishindwa, sema wewe. Wewe Redio huogopi mtu. Sema tu kwamba dada amekataa, mengine niachie mimi." Nikasema, "Nitasema." Akanishika kidevu akanigeuza nimtazame. "Hata kama watakupiga?" Nikamwambia, "Hata kama wataniua." Ndivyo nilivyosema, na nilimaanisha kila neno. Kusema kweli, kwa jioni ile moja nilijiona mtu mkubwa.

Sasa viwanja vyenyewe. Nataka niwe mwadilifu, niseme mabaya na mazuri, maana ndicho walichokuwa wanabishania sebuleni. Getini tulisimama juani mpaka Baba akavua koti, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Mlinzi akapekua kapu la Mama akatoa chapati ishirini na mayai ya kuchemsha, akasema chakula cha nje marufuku. Mama aliamka saa kumi alfajiri kupika zile chapati. Tulipokuwa tunaingia niligeuka nikamwona mlinzi ameshaanza kula. Tukavishwa vikuku vya karatasi mkononi kama wagonjwa wa wodini. Kwenye bwawa la kuogelea wakatukataza kuingia na magauni, wakasema kuna nguo maalum za kukodi, na Mama alipoonyeshwa hizo nguo alifunika macho ya Idi. Chipsi na kuku vilikuwa baridi. Muziki ulikuwa wa kupasua masikio, Baba alipoteza kofia, na Mzee Athumani na ndugu yake waliotusindikiza walikaa kwenye banda la makuti wanalalamika miguu. Huo ndio usumbufu, na mtu akiniuliza nitauapia. Lakini pia nilipanda gurudumu kubwa nikaiona bahari yote kwa mara ya kwanza, na Baba, ambaye alikuwa amekaa kiti cha mbele yangu na Idi, alicheka. Alicheka kwa sauti, mdomo wazi, meno yote nje. Sikuwahi kumwona hivyo kabla wala baada. Mama alipanda farasi wa mbao, akakaa upande kama anayebebwa kwenye baiskeli, na kila alipozunguka alitupungia. Nilikuwa na furaha mpaka nikasahau ahadi yangu kwa saa mbili tatu nzima. Aliyekuwa akiikumbuka ni Rukia peke yake.

Kilichonitia wazimu mimi kilikuwa mteremko. Ulikuwa mrefu kuliko nyumba yoyote niliyowahi kuiona Manyara, wa rangi ya njano, umejikunja mara tatu, na watu waliteremka wakiwa wamekalia gunia. Gunia la kawaida, kama yale tuliyolala kando yake kila siku. Nilijiona nimezaliwa kwa kazi ile. Lakini asubuhi ulikuwa umefungwa, mafundi wanaushughulikia, na kijana wa pale akatuambia utafunguliwa saa nane. Niliulizia saa kila baada ya dakika kumi. Ili kupoteza muda Bi Tatu akasema Rukia apande vikombe, maana asubuhi yote alikuwa amekaa tu. Vilikuwa vikombe vikubwa vya bati, mnakaa ndani watu wanne, vinazunguka vyenyewe huku sahani yake nayo inazunguka. Rukia alikataa. Bi Tatu akamvuta mkono, "Njoo mwanangu, ufurahi kidogo, maisha yenyewe mafupi." Walipanda wawili, na aliyekuwa anaviendesha aliwazungusha mara mbili, kwa sababu Bi Tatu alimpigia makofi. Rukia alishuka uso umekuwa wa kijivu. Alitembea mpaka kwenye banda la makuti, akakaa kwenye kiti cha plastiki, na akaziba mdomo kwa mtandio.

Hapo ndipo Baba alipoona saa imefika. Alitaka kulimaliza, nafikiri. Hakuwa mtu mkatili, na jambo lile lilikuwa linamkereketa tangu asubuhi kama chembe ya mchanga kwenye kiatu. Mama alikuwa amempeleka Idi chooni. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha Baba, hatua nne au tano, gunia mkononi, kwa kuwa saa nane ilikuwa imegonga na walikuwa wanagawa magunia na foleni imeanza kusogea. Baba akakohoa. "Rukia mwanangu," alisema, "Mzee wako Athumani hapa amekuja kwangu na ombi. Anakuomba kwa ajili ya Jumanne. Ni watu wetu, wanaswali, wana kazi. Mimi baba yako sina neno. Nakuuliza wewe mbele ya wazee hawa wawili. Unasemaje?" Rukia hakusema. Alikuwa amebana mtandio kwa mikono miwili na mabega yanapanda na kushuka. Mtu yeyote aliyewahi kusafiri na mtoto angejua kwamba yule binti anazuia matapishi. Lakini wale walikuwa wazee waliooa wake waliofunika nyuso na kunyamaza, na wao waliona kitu wanachokijua. Baba akarudia mara ya pili. Akarudia ya tatu. Kila alipouliza nilijua maneno, yalikuwa mawili tu, dada amekataa, yako tayari kwenye ulimi. Na nilijua pia kitakachofuata nikiyasema. Baba atasimama. Atasema vaeni viatu, tunaondoka. Hakutakuwa na mteremko, si siku ile wala siku nyingine yoyote ya maisha yangu, maana watu wa Katesh hawaendi mara mbili mahali kama pale. Nikatazama mteremko. Nikajiambia atasema mwenyewe. Nikajiambia nitasema nikirudi.

"Alhamdulillahi," alisema Mzee Athumani. "Ameridhia." Walipeana mikono na wakasoma Fatiha palepale kwenye viti vya plastiki, muziki unapiga. Rukia aliinuka katikati ya dua akakimbilia nyuma ya banda, na Bi Tatu akacheka kwa upole, "Hiyo ni haya ya mwali. Mwacheni." Kijana wa mteremko alipuliza filimbi. Idi alikuwa ameshatoka chooni, akanivuta gauni. Nikaenda. Niliteremka mara sita. Mnajua, nimejitahidi sana kukumbuka kwamba nilijisikia vibaya kule juu, kwamba nilikuwa na donge kifuani, na siwezi kusema uongo kwenye karatasi yangu mwenyewe. Nilijisikia vizuri ajabu. Upepo ulinipiga usoni, tumbo likapanda mpaka shingoni, Idi alikuwa amenikumbatia kiuno anapiga kelele, na sijawahi kufurahi hivyo tena, si siku ya harusi yangu wala siku niliyopata ajira. Ndiyo maana namchukia Idi kidogo anapoisimulia siku ile. Anasema kweli yote.

Jioni ile, kwa Mzee Athumani, Rukia alimfuata Baba barazani. Sikuamini kwamba ana ubavu huo. Alipiga magoti, akasema, "Baba, shikamoo. Mimi sikukubali. Nilikuwa naumwa kichefuchefu." Kwenye uso wa Baba niliona kwamba ameamini, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Akasema, "Mwanangu, nilikuuliza mara tatu mbele ya watu. Fatiha imesomwa. Nikamrudie mtu mzima niliyekula kwake siku nne nimwambie nini, binti yangu alikuwa anataka kutapika?" Rukia akasema, "Ndiyo Baba, mwambie hivyo hivyo." Baba akatazama mikono yake. "Hawezi kuelewa," alisema. "Atasema nimemchezea. Na wewe atakusema." Akainuka akaenda msikitini. Mama, aliyekuwa mlangoni muda wote, alimwinua Rukia akamfuta magoti. Akamwambia, "Na mimi siku yangu nilinyamaza. Nilikuwa na meno yanauma." Rukia aliangua kilio ambacho Bi Tatu alikisikia mpaka jikoni akaongeza sauti ya redio.

Chumbani Rukia aliniuliza jambo moja tu. "Ulikuwa wapi?" Nikasema, "Nilikuwa kwenye foleni. Sikusikia." Alinitazama, akasema, "Basi." Alipanda kitandani akageukia ukuta. Nilijua kwamba nimedanganya na kwamba uongo umepita, na nilishukuru Mungu. Fikiria, nilimshukuru Mungu.

Ndoa ilifungwa Katesh kabla mwezi wa nane haujaisha. Sheikh alimuuliza Rukia tena kupitia pazia, kama inavyotakiwa, naye akaitikia sawasawa kwa mdomo wake, kwa sababu pilau ilikuwa imeshaiva na wageni wa Singida walikuwa wameketi uani wote. Baadaye sana, nikiwa mtu mzima, nilimuuliza sheikh mwingine kuhusu ile siku ya kwanza, nikajifanya ni habari ya jirani. Akasema ukimya unaohesabika ni wa haya, siyo wa ugonjwa, na binti akionyesha dalili ya kukataa hakuna ridhaa hapo, wazee wale walikosea. Jibu zuri, limechelewa miaka kumi na tano. Aliyelisema mapema alikuwa Mama Paskali, ambaye hakusoma dini yetu wala yake kwa kina. Alipokuja na maziwa ya harusi na kusimuliwa jinsi bibi harusi alivyokubali, alikunja uso. "Kwetu msichana akinyamaza," alisema, "tunamuuliza anaumwa nini." Wanawake walicheka na mimi nikacheka nao, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Siwezi kusema Rukia aliolewa kwenye jehanamu. Jumanne hakumpiga, hakumnyima chakula, hakulewa. Ndiyo ubaya wenyewe, hakukuwa na kosa ambalo mtu angeweza kulipeleka kwa wazee. Alisema shule ataiangalia mwaka unaofuata, Rukia akapata mimba, Jumanne akasema tena mwaka unaofuata, na wote tunajua hesabu hiyo inavyokwenda. Ana watoto watano na anaijua bei ya kila kipuri cha baiskeli kilichowahi kutengenezwa. Mimi nilisoma. Baba, ambaye hakuwahi kuomba radhi kwa mtu yeyote, alianza kuninunulia vitabu bila kuombwa, na nilipofika kidato cha nne alisema mbele ya watu kwamba huyu hataulizwa kitu mpaka amalize chuo. Nilikwenda kidato cha tano na tranka la Rukia, mashuka yake mawili ya bluu, na ndoo yake yenye mfuniko. Mama alivipanga mwenyewe. Hakuna aliyesema kitu kuhusu vitu hivyo, na mimi nilivipokea.

Siku ya arobaini ilikuwa na baridi, wingu limekaa juu ya mlima tangu alfajiri. Dua ilianza saa nne, wanaume mbele, na sisi nyuma tulikuwa na sufuria mbili za pilau kwenye mawe. Rukia alikuwa anasimamia ile kubwa. Kutokana na usiku niliolala vibaya na yale mazungumzo ya Idi, nilijikuta nimesimama mbele yake na maneno yananitoka yenyewe. Nikamwambia, "Dada, siku ile sikuwa kwenye foleni. Nilikuwa pale. Nilimsikia Baba mara zote tatu." Nilikuwa nalia tayari, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, kilemba kimenianguka. Nilitegemea moja kati ya mawili, anilaani au aniambie nilikuwa mtoto. Rukia alifunika sufuria, akaweka makaa juu ya mfuniko moja moja kwa koleo, mpaka akamaliza.

"Najua," alisema. "Nilikutafuta kwa macho. Ulikuwa nyuma ya kiti cha Baba."

Nikasema nilidhani alikuwa amefumba macho.

"Sikufumba. Nilikutazama ili useme." Alipangusa mikono kwenye kanga. Hakuwa na hasira usoni, afadhali angekuwa nayo. "Na wewe ulinitazama, Zaituni. Ukanipungia mkono."

Hilo sikulikumbuka. Nimelitafuta tangu siku hiyo na bado silikumbuki, lakini najua ni kweli, kwa kuwa najua furaha niliyokuwa nayo. Kule mbele wanaume walikuwa wameitikia amina ya mwisho na watoto wameanza kukimbilia uani, na Rukia akasema nishike upande wa pili wa sufuria, ni nzito, watu wana njaa.